Kulitembeza Jina la Hadley

Majani ya miti yalikuwa yameanza kudondoka pale Hagsätra. Nilitoka asubuhi kwenda kununua maziwa, nikarudi bila maziwa, nimekumbatia chungu cha maua. Tangu kaka yangu afariki ndivyo nilivyo. Naanza hili namaliza lile. Naketi, nasimama. Napanda treni ya laini ya kijani hapa mwisho wa reli, nakwenda nayo hadi mwisho wa upande wa pili, kisha narudi nayo. Kazini Märsta, ambako nasafisha kumbi za uwanja wa ndege, msimamizi alinishika bega akaniambia nipumzike, sakafu ile nilikuwa nimeshaipiga deki.

Maua yenyewe si ya kusifia. Ni kichaka kifupi, kigumu kama ufagio wa chelewa, chenye viua vidogo vya zambarau visivyo na harufu. Waswidi hukiita ljung, na baridi inapokaribia hukipanga makaburini kwa kuwa hakiogopi barafu. Nilimwuliza muuzaji kinaota wapi. Akasema kinaota chenyewe msituni, mahali palipo wazi, penye ardhi duni isiyofaa kulimwa. Nikasimama pale na pochi mkononi, watu wa foleni wakikohoa nyuma yangu, maana maneno yale nilikuwa nimeyasikia zamani. Niliyasikia nikiwa mtoto, nimechuchumaa uwanjani kwa bibi yangu Kisauni, yakisemwa na Mzungu aliyekalishwa kwenye mkeka wa matanga bila kupenda. Alikuwa akitueleza jina letu.

Jina letu ni Hadley. Kama umeshtuka, rafiki yangu, usione haya. Kila mtu hushtuka. Mwanamke mweusi wa Pwani ya Kenya, mshika fagio, halafu jina kama la nahodha wa Kiingereza. Hapa Stockholm nikiitwa kwenye foleni ya hospitali, muuguzi huangaza macho juu ya kichwa changu akimtafuta mwenye jina.

Mtoto wa kaka alinichukua kwa gari siku ileile, tukapeleka maua kaburini. Ni kijana mtu mzima, amezaliwa hapahapa, fundi wa lifti, na mke wake Mswidi alikuwa mjamzito. Mimi ananiita faster. Waswidi wana neno lao la dada wa baba, mbali na la dada wa mama, na hilo ni moja ya mambo yaliyonifanya nisiwaone wageni sana. Tulipomaliza kukifukia kile chungu alibaki amechutama, akijifuta udongo vidoleni.

"Faster," akasema, "mtoto wetu atachukua jina la mama yake. Na mimi nalichukua hilohilo."

Nilimwuliza kama baba yake alijua.

"Nilitaka kumwambia. Nilipotaka, akawa mgonjwa. Alipokuwa mgonjwa, nikaogopa." Akachanganya Kiswidi na Kiswahili kama kawaida yake. "Nimechoka, shangazi. Naingia kutengeneza lifti, mtu anasoma jina kifuani, ananiuliza wewe Mwingereza? Nisemeje? Nimsimulie habari za utumwa mtu ambaye ameganda ghorofa ya sita anataka kushuka?"

Nilitaka kucheka. Sikucheka. Mimi sikuolewa, sina mtoto. Kaka alikuwa na huyu mmoja. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunaondoa matanga, na mimi ndiye mkubwa wa jina niliyebaki, kwa hiyo kulitembeza kulikuwa kazi yangu. Sasa nilitembeze liende kwa nani? Ndilo lililoninyima kuketi wiki nzima.

Sharti nikueleze kulitembeza jina ni nini, na kwa hilo lazima turudi Kisauni.

Ukivuka kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda upande wa bara wa kaskazini, kulikuwa na mtaa wa watu kama sisi, watu wa misheni. Mababu zetu walikuwa watoto waliokamatwa ndani huko, upande wa ziwa Nyasa na kwingineko, wakauzwa, wakapakiwa vyomboni. Manowari za Waingereza zikawanyang'anya waliowapakia, zikawashusha kwenye misheni. Pale walipewa nguo, kitabu na jina. Majina mengi yalikuwa ya watu wa Uingereza waliojitolea kumlea mtoto kwa mbali. Mtu alikaa kwake, akatuma msaada, na mtoto asiyemjua akabandikwa jina lake. Ndiyo maana majirani wetu wa kulia walikuwa na jina la Kiingereza, wa kushoto vilevile, na watoto wa mitaa mingine walituita Wazungu weusi. Wakikasirika walituita watu wa kuletwa.

"Hadle, kwenu wapi?" walituimbia tukienda bombani. "Kwenu wapi, Hadle?"

Kaka yangu, aliyenitangulia kwa mtoto mmoja aliyekufa katikati yetu, alikuwa na jibu lake. "Kwetu ni kwa mama yako. Hebu katuangalilie chakula kama kimeiva!" Kisha tunatimua mbio, ndoo zikituloanisha miguu.

Tulilelewa na bibi, mama wa baba. Baba alikuwa amekwenda bara kufanya kazi ya reli, akafia huko, na mama akaolewa kwingine. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na chokaa, imeezekwa makuti, na sebule yake ilinuka mafuta ya taa na mdalasini. Asubuhi niliamka kwa sauti ya nazi ikikunwa, krr, krr, krr, bibi amekalia mbuzi kanga imekunjwa magotini, mbaazi zikichemka upande wa pili. Kaka alifagia uwanja, mimi niliosha vikombe. Vikombe vyote vilikuwa vya bati isipokuwa kimoja cha kaure, chenye kisahani na mstari wa dhahabu, kilichokaa juu ya kabati. Hicho kilikuwa cha ndugu zetu wa Uingereza, siku wakija.

Ndiyo, sisi watoto tuliamini tuna ndugu Uingereza. Hakuna aliyetuambia hivyo wazi, na hakuna aliyetukataza. Tukiwa na jina lao, tutakosaje kuwa na damu yao? Kaka alikuwa akijikwangua goti alione jeupe lililo chini, akinihakikishia kwamba yeye kwa ndani ni Mzungu zaidi yangu. Tukimwona mtalii amepotea njia tulimfuata tukimkagua masikio. Masikio ya ukoo wetu yamesimama kidogo.

Sasa, kulitembeza. Mtu wa nyumba yetu akifa, matanga yalikaa, watu wakala, wakaimba, wakalala mikekani. Asubuhi ya kuondoa matanga, kabla ya kukunjwa mikeka, mkubwa wa jina alisimama mlangoni akitazama ndani ya nyumba, akalitembeza jina kutoka lilikotoka mpaka pale. Mwanamume au mwanamke, haikujalisha. Babu alipokufa, kazi hiyo ikawa ya bibi. Maneno yalikuwa machache, na kila mara ni yaleyale:

"Jina letu limetoka nchi ya baridi. Lilikuwa la mama mmoja aliyemlea mtoto asiyemwona. Likapanda meli. Likashuka hapa likamkuta mtoto amekaa chini, hana ndugu. Mtoto yule alikuwa na jina lake."

Hapo bibi alinyamaza.

Alinyamaza na nyumba nzima ikanyamaza naye. Wanaume waliokuwa wakifunga magodoro walisimama na kamba mkononi. Wapishi waliacha kukoroga. Maana jina lile la kwanza, alilopewa na mama yake huko kwao, hakuna aliyelijua. Wengine walisema alikuwa mdogo mno akalisahau. Bibi alisema alilijua mpaka anakufa, ila hakupenda kulitaja mbele ya watu ambao hawangelijibu. Basi pale tulinyamaza. Nilimwuliza bibi kwa nini, akaniambia, huku akichagua mchele, "Tunampisha aliseme mwenyewe."

Ukimya ule ulikwisha kwa namna moja tu: mpaka mtoto mdogo kuliko wote aliyekuwepo atoe sauti. Alie, apige chafya, aite mama. Mtoto akishatoa sauti, bibi aliendelea: "Akaitwa Hadley. Akajenga. Akazaa." Kisha akawataja waliozaliwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia aliyekufa, na mwisho akamshika mkono mtu mmoja aliye hai, mara nyingi mtoto wa marehemu, akasema, "Limefika kwako." Mikeka ikakunjwa. Vikombe vikaoshwa. Maisha yakaendelea.

Unaweza kufikiri ukimya wa namna ile unavyomtesa mtoto mwenye miguu inayowasha. Kaka alinifinya nicheke. Lakini pia tulisikiliza, tena kwa masikio yote. Nilisikia kuku wakiparua, moto ukipasua kuni, mbali kidogo kengele ya kanisa ikipigwa na upepo tu. Baadaye, nyuma ya choo, tuliulizana.

"Umelisikia?"

"Mimi nimelisikia," kaka alisema.

"Sema basi."

"Sikwambii. Ukilijua utaota pembe."

Alinitania hivyo maisha yetu yote. Hata kwenye simu, yeye yuko Stockholm na mimi bado niko Mombasa, kabla hajanialika nije kumsaidia kulea mtoto mkewe alipomwacha, akitaka kunikasirisha alisema, "Mimi nililisikia, dada, wewe ulikuwa unachezea pua." Alipokuwa kitandani hospitalini nilimwuliza kwa mara ya mwisho. Akatabasamu na mirija yake. "Uongo mtupu," akasema. "Nilisikia kuku."

Yule Mzungu wa mkeka alikuja wakati wa matanga ya babu mdogo, ndugu yake babu. Palikuwa na kazi ya kupima ardhi, mabomba mapya ya maji yapite, na vijana wawili walimfuata huku na huko wakimshikia fito zenye rangi nyekundu na nyeupe. Siku hiyo aliingia dukani kununua soda, na mwenye duka, mtu mwenye mdomo kuliko redio, akamwuliza jina. Kisha tukamsikia akikimbia njia nzima viatu mkononi.

"Bibi! Bibi wee! Ndugu yenu amefika!"

Wakamleta. Sijui kama alijua analetwa wapi. Alikuwa mtu wa makamo, shingo nyekundu kwa jua, masikio, naapa, yamesimama. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha kukatakata, lakini alikisema.

"Mimi naitwa Hadley, mama."

Bibi alimtazama kutoka chini alikokaa, kichwa amekifunga leso ya msiba. "Umechelewa," akamwambia. "Tumeshazika."

"Pole, mama."

"Usinipe pole mimi tu, nawe ni wa kupewa. Vua viatu, keti."

Akavua, akaketi. Soksi moja ilikuwa imetoboka, na wanawake waliliona tundu kabla hajakunja mguu. Na kwa kuwa amekaa kwenye mkeka wa wafiwa, kila aliyeingia alimpa mkono, "Pole, baba, pole sana, Mungu awatie nguvu," naye akaitikia asante, asante, uso ukizidi kuiva. Nilitumwa kile kikombe cha kaure. Nilikishusha kabatini kwa mikono miwili, nikakisuuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, bibi akamimina chai ya tangawizi, na Mzungu akanywa, nasi watoto tulijipanga mlangoni kumwona akimeza.

Alipomaliza, bibi alianza kumhoji. Alimwuliza hali ya yule mama aliyetoa jina, alikufaje, alizikwa wapi, aliacha nani. Mzungu alisema hamjui. Akamwuliza basi babu yake yeye aliitwa nani. Hilo alilijua. Na baba wa babu?

"Sijui, mama."

Wanawake waliguna kwa huruma. Bibi akamsogezea sahani ya mahamri.

Hapo ndipo alipotueleza, polepole, akitafuta maneno. Kwamba jina lile kwanza halikuwa la mtu, lilikuwa la mahali. Zamani za zamani, Uingereza, palikuwa na uwazi katikati ya msitu, ardhi duni, hapaoti kitu ila vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau. Watu waliokaa pale waliitwa kwa jina la pale. Kisha wakaondoka wakatafuta maisha, na kila walikokwenda wakaitwa watu wa ule uwazi. Mababu zake yeye waliishia kwenye mji wa viwanda vya nguo, wenye moshi mwingi, na baba yake akaenda kwingine tena, na yeye ndiye huyu, Kisauni, anapima mabomba.

"Na pale mahali penyewe," bibi akauliza, "sasa anakaa nani?"

"Sijui. Sijawahi kufika."

"Hujafika kwenu?"

"Sijafika, mama."

Bibi akamgeukia jirani yetu, mama mmoja mnene aliyekuwa akisonga ugali wa waombolezaji, akasema si kwa sauti ya siri, "Maskini, mtoto wa watu. Kumbe naye ni wa kuletwa."

Alirudi asubuhi ya kuondoa matanga, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Bibi alilitembeza jina. Ulipofika ule ukimya Mzungu aliinamisha kichwa, mikono mbele, kama aliye kanisani. Mtoto wa jirani akalia, bibi akaendelea, Hadley akajenga, Hadley akazaa, na yeye akabaki vilevile ameinama, ukimya kwake haujaisha, mpaka kaka yangu akamvuta mkono wa shati. Mabomba yalipokwisha kupimwa akaenda zake. Hatukumwona tena, ila bibi alimtia kwenye sala za jioni mpaka anakufa, katikati ya wagonjwa na wasafiri.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani wiki ile ya matanga ya kaka. Huku Uswidi maiti husubiri wiki nyingi kabla ya kuzikwa, hivyo matanga yetu yalikuwa yamevutika kama mpira uliokwisha. Watu walikuja, wakarudi kazini, wakaja tena. Lakini Jumamosi hiyo walifika kwenye ukumbi wa kanisa tuliouazima, wengi kuliko nilivyotegemea. Wakenya wa zamani, waliokuja kusoma wakabaki. Warundi na Wakongo kutoka Rinkeby, na masufuria yao ya maharage na ndizi, waliomjua kaka kwa sababu aliendesha basi lao miaka mingi na hakuwahi kumwacha mama mwenye gari la mtoto kituoni. Mtoto wa kaka alikaa mbele na mkewe, tumbo limekwisha kuwa kubwa.

Nilikuwa sijaamua. Sitakudanganya. Nilisimama mlangoni kwa sababu miguu ilikuwa imechoka kuzungukazunguka, na mlangoni ndipo nilipoishia. Watu walipoona nimesimama wakatulia. Nikaanza.

"Jina letu limetoka nchi ya baridi." Mtu mmoja akacheka kidogo, maana nje kulikuwa na mvua ya barafu. "Lilikuwa la mama mmoja aliyemlea mtoto asiyemwona. Likapanda meli. Likashuka Mombasa likamkuta mtoto amekaa chini, hana ndugu. Mtoto yule alikuwa na jina lake."

Nikanyamaza.

Sasa wewe unajua kwa nini nilinyamaza. Wao hawakujua. Na watu wetu, popote walipo, wakimwona mfiwa amesimama mbele yao maneno yamemkatikia, hawamwachi azame. Wanamwokoa kwa wimbo. Sikumaliza hata kuvuta pumzi, mama mmoja Mrundi, sauti kama tarumbeta, akapandisha pambio la faraja. Wakongo wakalipokea kwa sauti tatu. Wakenya wakapiga makofi. Dada mmoja akanijia na karatasi za kufutia machozi, akanikumbatia, akaninong'oneza, "Lia tu, dada yangu, lia usiogope."

Sikuwa nalia. Nilikuwa nimesimama na mtoto yule wa kwanza mlangoni, na ukumbi mzima ukamwimbia juu ya kichwa. Ulikuwa wimbo mzuri, na ulikuwa upendo mtupu, na nilitamani waache hata kama ni kwa kukatika umeme. Sikuweza kuwakataza. Ungewakatazaje watu wanaokuokoa? Nikajiambia basi, ndiyo mwisho wake. Bora jina liishe kwa wimbo kuliko kwa ugomvi.

Ndipo mtoto wa kaka aliposimama. Aliinua mkono juu kama anayesimamisha gari barabarani.

"Samahani. Samahani! Mama, tafadhali, kidogo." Kiswahili chake kilikuwa kinamtoroka, nikaona anakitafuta. "Shangazi hajasahau. Hapa... hapa tunanyamaza. Ni hivyo. Kwetu ni hivyo."

"Ngoja, wananyamaza," mama Mrundi akamwambia jirani yake. "Kumbe wananyamaza!" Akajiziba mdomo kwa mkono wote.

Pakatulia. Nakwambia pakatulia mpaka nikasikia mabomba ya kupasha joto yakigonga ndani ya ukuta. Watu wazima wenye funguo na simu na safari za kuwahi, wamesimama na masufuria, wanampisha mtu wasiyemjua aseme jina lisilojulikana. Mke wa mtoto wa kaka alikuwa ameweka kiganja tumboni. Uso wa yule kijana sitauelezea, ni wa baba yake.

Watoto walikuwa wachache, na wale wakubwa walikuwa na simu zao. Tukangoja. Nilianza kuogopa kwamba hakuna atakayetutoa pale. Hatimaye kisichana kimoja cha Kikongo, kilichokaa chini ya meza ya chakula, kikatoa kichwa kikauliza kwa Kiswidi, waziwazi, kama sasa imekwisha. "Är det slut nu?"

"Akaitwa Hadley," nikasema. "Akajenga. Akazaa." Nikawataja wote mpaka baba yangu wa reli, mpaka kaka yangu wa basi, jina likapanda ndege, likafika Hagsätra. Kisha nikamwendea mtoto wake, nikamshika mkono, na yale maneno ya mwisho yakakataa kutoka. Sikusema limefika kwako. Ningekuwa namdanganya mbele ya watu, naye angejua. Nilimshika tu. Mama Mrundi akasubiri kwa adabu kubwa, akaniangalia, nikamwitikia kwa kichwa, na hapo wimbo wake ukarudi, nasi tukaimba wote.

Mtoto wa kaka alibadilisha jina kabla ya baridi kuisha. Aliniambia mwenyewe, jikoni kwangu, akila maandazi bila kuvua koti.

"Siku ile nilinyamaza pamoja nanyi," akasema. "Lakini jina nimebadilisha. Sitaki ufikiri nilikudanganya."

"Sikufikiri."

"Umekasirika, faster?"

Nilimwambia sijui. Ndiyo kweli niliyokuwa nayo na ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Nilijaribu kuketi mbele yake, nikainuka kuongeza chai ambayo hakuwa ameigusa. Nikamwambia kwamba yule mtoto wa kwanza, walipombadilisha jina, hakuna aliyemwuliza. Wewe umejiuliza mwenyewe, umejijibu, umebadilisha. Kwenye ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza.

Akaacha kutafuna. "Hilo sikulifikiria."

"Nami nimelifikiria sasa hivi," nikasema, na hapo tukacheka, tukafanana na watu waliofiwa na mtu mmoja.

Mtoto alizaliwa, ni wa kike, ana jina la ukoo wa mama yake, nalo ni la shamba fulani la kaskazini ambako sijafika. Nimempakata. Masikio ni yetu.

Kisauni ule mtaa haupo. Ardhi iliuzwa, yakapandishwa maghorofa ya kupangisha, na majirani wa kulia na wa kushoto wametawanyika. Nyumba ya bibi ilibomolewa mlango ukiwa bado unafungika. Jina lenyewe halijafa na halitakufa, Uingereza wako tele wanaoitwa hivyo, wanapokea barua kwa jina hilo na kuwakaripia watoto wao kwalo, wasijue habari zetu. Ninachokililia si jina. Ni kwamba sasa hakuna nyumba duniani yenye sababu ya kusimama kimya kwa ajili ya mtoto yule. Yule kijana anaweza kumwambia binti yake, au asimwambie. Sitamlazimisha. Kulazimishwa kumeshatosha katika habari hii.

Mimi bado napanda treni. Siku nyingine, tukiingia chini ya ardhi, simu za watu zikipoteza mawasiliano na behewa zima likatulia, najikuta nimeacha kupumua, nasikiliza. Halafu mtoto wa mtu analia, mlango unafunguka, watu wanashuka.